Jinsi nilivyoirudisha mikanda ya viti vya nyuma

Mwaka jana, nikitoka Mtwara kwenda Masasi na mama yangu pamoja na mpwa wangu wa miaka 12, mbuzi alikatiza barabara tulipokwisha kuipita Nyangao, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari halikugonga kitu. Mimi na mama, tuliokuwa mbele tukiwa tumefunga mikanda, tulibanwa kifuani tu. Lakini mtoto, aliyekuwa peke yake nyuma, alirushwa akapiga mdomo kwenye egemeo la kiti changu na meno yake mawili yakang'oka. Kwetu mpwa ni dhamana ya mjomba, na dada yangu alipouona mdomo ule aliniuliza neno moja tu: "Kaka, wewe ulifunga mkanda, yeye mbona hakufunga?" Nilikosa jibu, kwa kuwa mikanda ya nyuma sikuwa nimewahi hata kuitafuta.

Kesho yake nilivua vitambaa vya viti, nikapenyeza mkono kwenye uwazi ulio kati ya kikalio na egemeo, nikavitoa vifungio vitatu vilivyojaa mchanga na maganda ya karanga. Mikanda niliiosha kwa maji na sabuni isiyo kali, nikaianika kivulini, kisha nikaivuta kwa ghafla mmoja baada ya mwingine. Miwili ilikaza papo hapo. Wa kushoto uliendelea kutoka kama kamba ya kisima. Fundi alitaka kunifungia mkanda wa gari lililopata ajali, nikakataa, kwa sababu mkanda uliokwisha kubeba uzito wa mtu katika mgongano waweza kuwa umelegea nyuzi bila macho kuona. Nilisubiri wiki mbili mpaka mpya ulipoletwa kutoka Dar es Salaam.

Watu walinisumbua kuliko mikanda. Dada yangu, yule yule aliyeniuliza swali, alipanda nyuma na mwanawe mchanga akasema atampakata. Nilimweleza kwamba gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono ya mama kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, na hakuna mikono ya kuishika nguvu hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu kwa wanaokaa mbele, na kwa takriban robo kwa wa nyuma. Tena asiyefunga nyuma humwangukia aliye mbele yake na kumuumiza hata kama yule amefunga. Tulinunua kiti cha mtoto, nikakikaza kwa mkanda wenyewe.

Mama naye alilalamika kwamba mkanda unamminya tumbo. Alikuwa na haki, kwa maana aliuvaa vibaya: sehemu ya chini ikikaa tumboni, mgongano huweza kupasua utumbo, kwa hiyo ikae chini, kwenye mifupa ya nyonga inayoweza kuubeba mshindo, na sehemu ya juu ya mkanda ipite katikati ya bega na kifuani, isipite chini ya kwapa.

Mkaguzi sasa ni mpwa wangu. Juzi, kabla hatujatoka Mikindani, aliniwekea mkono begani: "Mjomba, subiri kwanza, wa bibi umepanda juu."