Karatasi Nyeupe ya Antwerp

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, mfano wa redio ya mezani, imefungwa ukutani nyuma ya meza ya ramani. Ilikuwa inakohoa usiku na mchana. Inakaa kimya saa mbili tatu, halafu grrr, grrr, inatema utepe wa karatasi wenye upana wa kiganja: upepo mkali unakuja, taa ya boya fulani imezimika, kontena linaelea mahali fulani. Inaitwa Navteksi, mashine ya melini inayopokea maonyo ya baharini kwa redio. Mimi nilikuwa kadeti, mtoto wa Wete, miaka 22, na kati ya vikazi vyangu kwenye briji, chumba cha kuongozea meli, baada ya kumpikia kahawa afisa wa pili na kufuta vioo, kimoja kilikuwa kuchana ule utepe kila zamu na kuubana kwenye faili.

Desemba 2002 tulikuwa Antwerp, Ubelgiji, tukipakia mabomba ya chuma na mashine za viwandani, safari ya Mombasa na Dar es Salaam. Baridi ile siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua. Nilivaa soksi mikononi juu ya glovu. Bandari nzima mazungumzo yalikuwa moja: Tricolor. Usiku wa kuamkia tarehe 14, kwenye ukungu, meli hiyo ya kubeba magari iligongana na meli ya makontena iitwayo Kariba, kaskazini ya Dunkirk, ikazama. Mabaharia wake wote 24 waliokolewa. Magari karibu 3,000 yakaenda chini nayo, Volvo, BMW, Saab, mapya hayajakanyaga lami. Wapakizi wa gatini walikuwa wakikadiria bei yake kwa vidole.

Lakini balaa haikuwa magari. Kina pale ni kama mita 30, na meli ile ilikuwa na upana unaopita hapo kidogo. Kwa vile ililala ubavu, ubavu wake wa pili ulibaki karibu kabisa na uso wa maji, katikati ya njia inayopita mamia ya meli kila siku. Ikawekewa boya, ikawekewa meli ya ulinzi, na siku mbili tu baadaye meli ya mizigo iitwayo Nicola ikaipanda juu. Ikabidi matagi, zile meli ndogo za kuvuta, yaje kuishusha.

Afisa wetu wa pili, Mhindi wa Kochi, mtu mpole lakini mwenye jicho la mwewe, ndiye aliyekuwa na dhamana ya ramani. Siku ile ya tarehe 14 alichukua utepe wa Navteksi kutoka mkononi mwangu, akapima latitudo na longitudo, akachora alama ya meli iliyozama kwa penseli. Penseli, kwa sababu onyo la redio ni la muda. Marekebisho ya kudumu, yale yanayokuja kwenye vitabu vya kila wiki, yanaingizwa kwa wino wa zambarau wenye wekundu na kalamu nyembamba kama sindano. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupewa ile kalamu. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku chache baadaye, sikumbuki ilikuwa tarehe 18 au 19, Navteksi ikapiga kengele. Karatasi imekwisha. Afisa alikuwa chini ghalani anaangalia mabomba yanavyofungwa. Nikafungua droo, nikakuta rola moja, ya mwisho. Nikaichomeka, nikafunga mlango wa mashine, kengele ikanyamaza. Basi.

Mashine iliendelea kukohoa kama kawaida, ila karatasi ilitoka nyeupe. Nyeupe pe, hata nukta. Nikafikiri ni majaribio, au mitambo ya nchi kavu inatuma hewa, au labda tukiwa bandarini mashine inapumzika. Nilijiridhisha kwa sababu tatu na zote nilizitunga mwenyewe. Na kwa kuwa karatasi nzuri kama ile ni haramu kutupwa, nilikata kipande kirefu kama dhiraa, nikamwandikia mama barua. Nikaipeleka posta ya mjini Antwerp, stempu yenye picha ya mfalme wao, nikarudi melini nimefurahi.

Tuling'oa nanga usiku wa tarehe 21. Mto Schelde ni mrefu kuliko unavyodhani ukiuona kwenye ramani. Rubani wa mto akatushusha hadi Vlissingen, akaja rubani wa bahari, naye akatuacha pwani ya Ubelgiji mnamo saa saba usiku. Alishuka ngazi ya kamba ubavuni mwa meli kwenye mawimbi meusi, mzee wa miaka sitini, kama anashuka ngazi za nyumbani kwake. Zamu ya saa sita hadi saa kumi ilikuwa ya afisa wa pili. Kwenye usukani alikuwapo ami, baharia wa Kibokoni, Mombasa, mtu pekee melini niliyezungumza naye Kiswahili. Kepteni alikaa kwenye kiti chake, kimya.

Afisa akaniambia, bila kunitazama, "Kadeti, nipe tepe zote za Navteksi za wiki hii."

Nikampa faili. Akafunua moja, mbili, tatu, akafika kwenye nyeupe. Akainua moja kwenye taa nyekundu ya meza ya ramani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akaikwaruza kwa ukucha. Upande wa juu, hakuna kitu. Akaigeuza upande wa pili, akakwaruza, ukatokea mstari mweusi.

Karatasi ile haitumii wino. Inachomwa kwa joto, kama risiti za EFD tunazopewa madukani siku hizi, na ina upande mmoja tu unaoshika joto. Mimi nilikuwa nimeiweka nyuma mbele. Kichwa cha mashine kilikuwa kinaandika maonyo yote, neno kwa neno, upande usioandikika.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alifungua mashine, akageuza rola, akafunga, nami nikapumua nikidhani mambo yamekwisha, maana nilijua maonyo yanarudiwa kila baada ya saa nne mpaka yafutwe. Akatikisa kichwa. Navteksi inakumbuka namba ya kila ujumbe iliyoupokea sawasawa, na ikishaupokea hairudii kuuchapa, ili watu wasizikwe na makaratasi. Kwa hesabu ya mashine, sisi tulishaambiwa. Ilibidi aifute kumbukumbu yake kwanza, halafu tusubiri zamu ya kituo cha Oostende kutangaza, na huko mbele, maili zisizofika 30, kuna meli imelala chini ya maji, imeongezewa alama ambazo kwenye ramani yetu hazipo.

Kepteni akasema maneno mawili tu: "Punguza mwendo."

Kazi niliyopewa ni kukaa na redio ya VHF. Wafaransa wa kituo cha pwani cha Gris-Nez hutangaza habari za mlango ule wa bahari wa Dover kwenye chaneli 79, kila saa, dakika ya kumi. Nikakaa na penseli kama mtoto wa chuoni anayesubiri imla. Sauti ya mwanamke ikaja, Kiingereza chenye r za kooni, "Trikoloorr", nafasi ya mabaki, maboya, meli za doria, vyombo vyote vijiweke mbali. Mkono ulitetemeka, nikakosa tarakimu moja ya longitudo. Afisa akapiga simu ya redio kwa meli ya doria, akaomba arudiwe, akaandika mwenyewe, akachora. Nilimwangalia penseli ile inavyotembea, nikatamani niwe Wete.

Mnamo saa tisa na ushei tukaiona taa. Nyeupe, haraka haraka. Afisa akaniuliza: "Hesabu. Ni boya gani?"

Hapa niseme kidogo. Maboya haya ya pande nne, meusi kwa manjano, yanakwambia upite upande gani wa hatari, na usiku unayatambua kwa idadi ya mimweko. Chuoni Dar es Salaam mwalimu alitupa hila ya kukumbuka: fikirieni sura ya saa, mashariki mimweko mitatu, kusini sita na mmoja mrefu, magharibi tisa. Hila nzuri kwa Mzungu. Mswahili akiona mshale kwenye tatu anasema saa tisa, na akiuona kwenye tisa anasema saa tatu. Mtihani wa kwanza nusu ya darasa tulipeleka meli mwambani.

Nikahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, sikujua natumia lugha gani. Moja, mbili, tatu. Kimya. Moja, mbili, tatu.

"Mashariki," nikasema. "Tupite mashariki yake."

"Hakika?"

Ami akajibu kutoka kwenye usukani kabla yangu: "Tatu, bwana. Nami nimehesabu."

Tukaizunguka mbali, tukaiacha upande wa kulia. Meli ya doria ilikuwa imewasha taa zote kama nyumba yenye harusi. Kulikuwa na chombo kingine mbele yetu kinaelekea palepale, meli ya doria ikakiita kwenye chaneli 16 mara tatu bila jibu, ikakimulika kwa taa kubwa, ndipo kikapinda. Cha mabaki yenyewe hatukuona chochote. Maji tu.

Ami hakunilaumu. Aliposhuka zamu alikaa nami kwenye jiko la mabaharia, akaniwekea chai, akasema, "Wajua, mwaka 1971 mimi ndio kwanza naanza bahari. Hapa hapa Dover, yalipita haya haya." Akanihadithia Texaco Caribbean iliyozama Januari mwaka ule baada ya kugongana, na siku ya pili Brandenburg ikajigonga kwenye mabaki yake ikazama, na mwezi wa pili, mabaki yameshawekewa meli ya taa na maboya, ikaja Niki nayo ikazama na watu wake wote. Wafu wa meli zote hizo walifika kama 50. Ni ajali zile zilizowasukuma wakubwa wa minara na maboya wa nchi mbalimbali kukaa kitako na kutengeneza utaratibu mmoja wa alama, maana kabla ya hapo ilikuwako mifumo chungu nzima, rangi moja hapa ina maana hii, kwingine maana nyengine. "Na wao hawakukosa alama," ami alisema, akameza chai. Hakuongeza.

Mwaka mpya ulitukuta Mediterania. Tulipokuwa tunasubiri msafara wa Suez pale Port Said, wakala alipanda na magazeti: tarehe 1 Januari meli ya mafuta iitwayo Vicky nayo ilikuwa imeigonga Tricolor, maboya yapo, doria ipo, maonyo yanatangazwa. Afisa wa pili alisoma, akanipa gazeti, akaenda kuangalia rola ya Navteksi. Nilikuwa nimeshaiangalia mara mbili asubuhi ile.

Mabaki yalikuja kukatwa vipande kwa waya na kuondolewa. Mwaka 2006 likaanza kutumika boya jipya mahususi kwa meli iliyozama karibuni, mistari ya wima ya buluu na manjano, taa inayopokezana rangi hizohizo. Mpaka leo nikiliona kwenye kitabu nahisi baridi ya vidole.

Nilifika Wete mwezi wa Machi. Mama akanitolea ile barua kutoka kwenye sanduku, imekunjwa ndani ya kanga. Alikuwa na swali. Siku moja aliiweka mezani, akatua juu yake kikombe cha chai ya moto, na alipokiinua alikuta nyuma ya karatasi duara jeusi, jeusi kabisa, na chai haikumwagika. Alikuwa ameshamuuliza shangazi, shangazi akamwambia asiiguse.

Nikamweleza habari ya joto. Akaigeuza barua, akalipitisha jeusi lile kidole, akaigeuza tena upande wa maandishi yangu.

"Ahaa," akasema. "Kumbe wewe uliandika nyuma."