Karoti za nyuma ya jiko, Newala

Kwa miaka mingi karoti tulizokula nyumbani kwetu Newala zilikuwa za kununua sokoni, zikiwa zimesafirishwa kutoka mikoa ya mbali yenye baridi na mara nyingi zimekwisha kulegea kabla hazijaingia chunguni. Mwaka juzi niliamua kuzipanda mwenyewe katika tuta moja la mita 1 kwa 3 nyuma ya jiko, nikiamini kwamba udongo wetu mwekundu wa kichanga, usio na mawe na unaochimbika kwa urahisi, ungetosha kunipa mavuno.

Nilianza vibaya. Nilipanda mwezi wa Januari, na mvua ya usiku mmoja ikazikokota mbegu zote hadi upande wa chini wa tuta, zikaota pale kwa kusongamana kama majani ya uwanjani. Zilizosalia nilizitunza, lakini kwa kuwa nilikuwa nimechanganya udongo na samadi mbichi ya mbuzi, karoti nilizong'oa mwishoni zilikuwa zimegawanyika, nyingine zina miguu mitatu kama kigoda, na majani yake yalikuwa mazuri kuliko mizizi yenyewe. Samadi mbichi huufanya mzizi uchepuke, na nitrojeni ikizidi nguvu yote huishia kwenye majani.

Mara ya pili nilisubiri hadi katikati ya Mei, mvua zilipokwisha na upepo wa kusi ulipoanza kupoza jioni zetu za huku juu. Safari hii sikuweka samadi kabisa, kwa sababu tuta lile lilikuwa limekwisha kulishwa samadi iliyooza vizuri nilipopanda mchicha. Nilitifua kwa kina cha futi moja, nikachora vifereji vya kina cha sentimita 1 vilivyoachana kwa sentimita 25, kisha nikachanganya mbegu na mchanga mkavu ili nisizimwage mahali pamoja.

Shida iliyobaki ilikuwa kuota. Mbegu ya karoti, kama ya giligilani ambayo ni ya ukoo wake, haina haraka: huchukua wiki moja hadi tatu, na katika muda huo wote udongo wa juu haupaswi kukauka hata siku moja. Jua la saa sita likiupiga mchanga uliotoka kumwagiliwa, hufanya ukoko ambao mche mwembamba kama uzi hauwezi kuutoboa. Bibi mmoja jirani alinikuta nikimimina maji kwa ndoo akaniambia, "Mjukuu wangu, hizo unaziogesha, hujazinywesha." Alinionyesha kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, nami nikalitumia asubuhi na jioni, huku tuta nikiwa nimelifunika kwa gunia lililoloweshwa. Kwa njia hiyo ndoo moja ya lita 20 ilinitosha kwa siku, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayetegemea maji ya mvua aliyoyahifadhi kisimani.

Gunia nalo lina hila yake. Kuanzia siku ya sita nilikuwa nikilifunua pembe moja kila asubuhi kuchungulia, ila siku ya tisa nilisafiri kwenda Masasi, na niliporudi baada ya siku mbili nilikuta miche ya mstari wa katikati imekwisha kutoka, ya njano, imelala. Nililiondoa gunia jioni ile ile, nikaweka kivuli chepesi cha makuti juu ya fito kwa wiki nzima, na mingi ilisimama.

Kupunguzia miche kuliniuma kuliko kazi nyingine yoyote, kwani niling'oa zaidi ya nusu ili kila mmoja uachane na mwenzake kwa sentimita 5 hivi. Baada ya hapo palikuwa na palizi, uzio wa fito dhidi ya kuku, na kufukia vichwa vya karoti vilivyoanza kujitokeza, maana vikipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa vichungu.

Katikati ya Agosti nilianza kung'oa. Nyingi zilikuwa nyoofu, urefu wa kiganja, na nilipovunja moja pale pale tutani ilitoa mlio. Kwa jumla nilipata ndoo ndogo ya lita 10 na nusu yake, bila kuhesabu zile za mstari wa katikati, ambazo nimeziacha kwanza ardhini zinenepe.