Mzee ni nani? Neno presbuteros

Katika Luka 15:25, yule mwana mkubwa aliyekuwa shambani wakati mdogo wake anarudi nyumbani anaitwa kwa Kigiriki presbuteros, neno lile lile ambalo katika Matendo 14:23 linawataja watu waliowekwa na Paulo na Barnaba kuliongoza kila kanisa. Kwa asili yake neno hili ni la kulinganisha, maana yake ni "aliye mkubwa zaidi kwa umri", na halina cheo chochote ndani yake.

Cheo kilikuja kwa njia ya Kiyahudi. Wafasiri wa Agano la Kale kwa Kigiriki walilitumia kwa neno la Kiebrania zaqen, lenye undugu na neno la ndevu, walipowataja wazee wa Israeli waliokaa langoni pa mji kuamua mashauri.

Kiswahili hakipati shida hapa, kwa sababu hata mkuu wa ofisi mwenye miaka thelathini huamkiwa "mzee" na mlinzi aliyemzidi umri. Ila urahisi huo una mtego wake: katika 1 Timotheo 5, mzee wa aya ya 1, anayepaswa kuonywa kama baba, ni mtu mwenye umri mkubwa tu, lakini wale wa aya ya 17 ni viongozi, na kwa maoni yangu wahubiri wengi huwachanganya.

Tena katika Matendo 20, wazee wa Efeso ambao Paulo aliwaita waje Mileto katika aya ya 17 wanaitwa waangalizi katika aya ya 28, yaani episkopos, neno lililotupatia "askofu".