Magharibi ya Saa Kumi na Moja

Bibi hakuniuliza Maskati ni kilomita ngapi. Aliniuliza, "Njiani sala ngapi?"

Ilikuwa Desemba 2016, tumekaa barazani Mji Mkongwe, tiketi zetu mbili zimo mkobani mwangu. Mdogo wake alihamia Omani zamani, na tangu hapo wakisikilizana kwa simu tu. Nilikuwa nishapima kwenye ramani: Unguja hadi Maskati, kwa njia ya angani iliyonyooka, ni kama kilomita 3,900. Nikamwambia tutaruka muda wa saa tano na robo hivi. Hakuamini. Baba yao alikuwa baharia wa jahazi. Akipanda na kusi, safari ilimchukua wiki tatu hata nne, na harudi mpaka kaskazi ivume. Maskati aliyoijua Bibi ilihesabiwa kwa miezi.

Uwanja wa ndege, Kisauni, tuliunganisha adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili kama msafiri. Ndege ikaruka saa saba na nusu mchana. Nilimpa kiti cha dirishani, upande wa kushoto. Hakulala hata kidogo. Saa yake ndogo ya mkanda mweusi aliivaa uso ukiwa ndani ya kiganja, na kila mara aliugeuza mkono akaitazama, kisha akatazama nje.

Baadaye akanishika goti. "Mwanangu, hebu tazama. Jua linatua."

Kweli, nyuma ya bawa lilikuwa jekundu, limeshagusa mawingu. Saa yake ilionesha saa kumi na moja na robo. Unguja wakati huo watoto wangali wanacheza mpira. Magharibi ya Desemba huingia kama saa kumi na mbili na nusu. Akahofia saa imeharibika, akaitia sikioni.

Nikamweleza nilivyoweza. Maskati iko mashariki yetu kwa nyuzi 19, na kila uzi mmoja ni dakika nne za jua. Hizo peke yake ni dakika 76. Tena mwezi huo mchana wa kaskazini ni mfupi kuliko wetu. Jua halikuharakisha, sisi ndio tuliokuwa tukilipa kisogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi imeingia," akasali rakaa tatu palepale kitini, mikono juu ya mkanda wa usalama. Sijapata kumwona akisali kwa utulivu ule.

Tulitua saa mbili kasorobo usiku kwa saa ya Maskati. Saa ya Bibi ilisema saa moja kasorobo, na hakukubali niisogeze mbele.

Nyumbani kwa mdogo wake walikumbatiana ukumbini, kimya, muda mrefu. Sikujua nitazame wapi. Kisha Bibi akaomba mswala asali isha, akauliza, "Kaskazini wapi?" Unguja tunasali tumeelekea kaskazini, Makka iko karibu juu yetu kabisa. Akautandika alikooneshwa, akasimama, akafunga macho.

Mdogo wake akamwendea kwa nyuma, akamshika mabega yote mawili, akamgeuza taratibu kushoto.

"Huku, dada. Hapa kwetu Makka iko machweoni."

Bibi akafumbua macho. Akainama, akauvuta mswala mwenyewe.