Gambuti Barazani

Baba yangu hakuwahi kupanda Rwenzori, ingawa maisha yake yote ameyaishi chini ya mlima huo. Alizaliwa Mutwanga, upande wa Congo, ambako mawingu yakifunguka asubuhi mtoto anaiona theluji akienda kuchota maji. Mwaka 1971 akauzunguka mlima kwa chini, akavuka mpaka pale Kasindi, akaingia Uganda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Kilembe. Akapata, akaoa, akabaki. Kiswahili alichokuja nacho ndicho tulichokulia nyumbani, na ndicho alichoelewana nacho na wenzake shimoni, maana mgodini walikuwamo watu wa kila kabila.

Nilipompigia simu kutoka Kampala mwishoni mwa 2017, kumwambia nimelipia safari ya siku nane hadi kilele cha Margherita, alinyamaza kitambo. Nilijua atauliza bei, au atauliza watoto nitamwachia nani. Akauliza: "Gambuti unazo?"

Nikamwambia ninazo, Baba. Nikadhani mazungumzo yameisha.

Miezi mitatu nilikuwa nimejiandaa kwa bidii kubwa. Kila Jumamosi alfajiri nilipanda kilima cha Kololo, nikashuka, nikapanda cha Naguru, mgongoni nimebeba begi lenye jerikeni la lita tano za maji, baadaye la lita kumi. Shuleni ninapofundisha nilipanda ngazi za jengo la ghorofa tatu mara ishirini baada ya wanafunzi kuondoka. Nguo nilizitafuta soko la Owino, kwenye mivumba, yaani mitumba, na anayeijua Owino anajua kwamba ukiamka mapema unapata sweta zito lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya kwa bei ya sahani mbili za chakula. Daktari alinipa vidonge vya kusaidia mwili kuzoea hewa nyembamba, na akasema neno moja ambalo nililiandika ndani ya jalada la daftari langu: kichwa kikiuma na ukaanza kutapika au kuyumba, dawa ni kushuka. Usisubiri asubuhi.

Sababu ya kwenda mwaka ule haikuwa mazoezi wala picha. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1906, Mwitaliano mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi alipofika kileleni na wenzake, barafu ya Rwenzori ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba, na kwamba kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Wakonzo wanauita mlima wao Rwenzururu, mahali pa theluji. Nilitaka niione theluji ambayo Baba aliiona akiwa na ndoo kichwani, kabla jina halijabaki peke yake.

Basi nikafika Kasese siku mbili kabla ya safari, Januari 2018. Wazazi wangu walikuwa wanakaa mjini tangu Mei 2013, pale Mto Nyamwamba ulipofurika na kuchukua sehemu kubwa ya Kilembe tuliyoijua. Tuliondoka na masanduku mawili na redio. Tangu siku ile Baba hapendi kusikia mtu akisema "ni maji tu".

Jioni alinitandikia mkeka barazani. "Mwaga vitu vyote hapa." Nikamwaga. Sweta tatu, makoti mawili, mfuko wa kulalia, miwani ya jua kwa ajili ya mwanga wa theluji, tochi ya kichwani, biskuti, dawa, soksi jozi sita, gambuti. Vifaa vya barafu, yaani kamba, shoka na vyuma vya kufunga chini ya buti, ningepewa na wenyeji wa msafara huko juu. Nilimweleza kila kitu na kazi yake, nikifurahia kidogo kwamba kwa mara moja mimi ndiye ninayemfundisha.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umejiandaa kwa baridi. Mlima huu utakupiga kwa maji."

Akaanza kupanga. Sweta moja, suruali moja, fulana moja na jozi mbili za soksi akaziweka kando. Akaagiza mdogo wangu alete kavera, ile mifuko ya nailoni ambayo Mama huificha chini ya godoro tangu watu wazuiwe kuitumia ovyo. Akaingiza nguo zile kwenye kavera ya kwanza, akaikalia kwa goti ili hewa itoke, akasokota mdomo, akaukunja, akafunga kwa uzi wa mkonge. Akaingiza yote kwenye kavera ya pili, mdomo ukielekea chini safari hii. Alifanya polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo.

"Hizi ni za kulalia. Hata uwe umelowa mpaka kwenye mfupa, hutazivaa nje. Asubuhi unavua hizi kavu, unavaa zile mbichi, unalia, unatembea. Mgodini tulikuwa hivyo. Nguo za shimoni hazilali na nguo za nyumbani."

Sikuwahi kumsikia akizungumza juu ya shimo kwa urefu huo. Tulipokuwa wadogo tulijua kwamba shaba ilitoka Kilembe, ikapanda treni Kasese, ikaenda kuyeyushwa Jinja, na kwamba mambo hayo yalikufa kabla mimi sijazaliwa. Kwamba chini kule maji yalitiririka ukutani usiku na mchana, na mtu alisimama ndani yake zamu nzima, hilo halikuwa kwenye hadithi zetu.

Alipomaliza nguo akazichukua gambuti zangu. Nilikuwa nimezinunua Kampala, nyeusi, zinang'aa, saizi 39, saizi yangu kamili. Akaingiza mkono ndani, akapapasa mshono wote kwa ncha za vidole, macho ameyafumba. Akaomba jerikeni. Akazijaza maji zote mbili mpaka ukingoni, akazisimamisha barazani juu ya gazeti, akasema tukalale.

Saa kumi na mbili asubuhi niliamka nikakuta ameshafika. Gazeti chini ya gambuti ya kulia lilikuwa kavu. Chini ya ile ya kushoto kulikuwa na duara la unyevu, dogo, la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na herufi za gazeti zimevimba ndani yake. Maji yalikuwa yanatoka pale kisigino kinapokutana na soli, tone moja, kimya, halafu jingine.

Nilitaka kusema ni kidogo. Nikamwangalia usoni, nikaacha.

Hapo ndipo alipovua ndara zake na kunionyesha miguu. Nimeishi na miguu ile maisha yangu yote na sikuwa nimeitazama. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe na ngumu, imepasuka kwa mistari mirefu, na vidole viwili vya mguu wa kushoto havina kucha. Akaniambia ni miezi minne ya mwaka 1974. Gambuti moja ilikuwa na tundu ambalo hakuna aliyeliona, jozi mpya hazikuwapo stoo, na mtu asiyeshuka shimoni halipwi. Alisema hivyo bila uchungu, akavaa ndara zake.

Tukaenda sokoni pamoja. Alizijaribu gambuti kwenye vibanda vinne, akizikunja shingo, akizinusa, akibonyeza soli kwa kidole gumba. Tulichukua saizi 40, ili soksi nyembamba ikae ndani na nene juu yake na vidole bado vipate pa kuchezea. Akanikumbusha suruali ya mvua ipite nje ya gambuti, kamwe isiingie ndani, maana ukiiingiza umejijengea mfereji. Akanunua sabuni ya mche, akakata kipande, akanifundisha kukipaka kikavu kisiginoni kila asubuhi kabla ya soksi. Na magazeti. Gazeti moja kwa kila usiku, la kukunjakunja na kujaza ndani ya gambuti zikilala. Gambuti mpya nazo zililala na maji barazani usiku ule. Gazeti lilibaki kavu.

Begi lilipotundikwa kwenye mizani ya kuning'iniza pale Nyakalengija, njia ya kupanda inapoanzia, lilikuwa na kilo 12. Juzi yake lilikuwa 19. Mpagazi aliyelichukua, kijana Mkonzo, alilitikisa mara moja, akasikia nailoni ikilia ndani, akaniuliza nani amenifungia. Nikasema baba yangu. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Kilele nitakieleza siku nyingine, kinastahili maneno yake. Hapa nitasema tu juu ya siku ya tatu, tulipotoka kibanda cha John Matte na kuingia kinamasi cha Bigo. Mvua ilikuwa imeanza usiku. Kuna sehemu wameweka njia za mbao, na kuna sehemu unaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine, na ukikosea unazama hadi gotini kwenye tope jeusi baridi kama la friji. Niliwaona wageni wawili wenye buti za ngozi za bei kubwa wakipita mbele yetu, na kila hatua maji yalifoka kutoka kwenye vitundu vya kamba. Mwanamke mmoja alikuwa analia huku anatembea. Tulipofika kibanda cha Bujuku, karibu mita 4,000 juu, vidole vyangu vya mikono havikuweza kufungua uzi wa mkonge. Niliufungua kwa meno. Ndani ya kavera ya pili soksi zilikuwa kavu, zina harufu ya kabati la Mama. Jozi moja nilimpa yule mwanamke. Nilivaa ile nyingine nikakaa nimeishika miguu yangu kwa mikono yote miwili, na nilimlilia Baba kama vile amekufa, naye yuko hai chini kule anasikiliza redio.

Nilirudi Kasese jioni ya siku ya nane. Alikuwa ameketi barazani. Akasema tu, "Vua."

Nikavua. Akauweka mguu wa kulia juu ya kigoda, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, akapitisha kucha katikati ya kila kidole, kisha wa kushoto. Alichukua muda wake. Mama alileta chai, akasimama nayo.

"Kule juu," alisema Baba akiwa bado ameinama, "upande wa machweo ulionekana?"

Nikamwambia mawingu yalifunguka kitambo kidogo tu, nikaona bonde la Semliki kule chini kabisa, la kijani, linakwenda bila mwisho.

"Mutwanga ni mkono wa kushoto."

"Nilitazama mkono wa kushoto, Baba."

Hakuinua kichwa. Mguu wangu ulikuwa bado mkononi mwake.