Tisa Zilizogeuka

Bibi mmoja alikuja kwenye kikao cha wazazi shuleni na kiti kichwani. Kiti cha plastiki, miguu imepunguzwa kwa msumeno, na kipande cha kanga kimefungwa huku na huku ili mjukuu asiteleze. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nami nikaenda kukaa zangu chini ya mwembe. Nilichokuja kusema nilikuwa nacho mdomoni.

Ilikuwa Machi 2016, Muheza. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari, na darasa la kwanza lilifurika: watoto 118, mwalimu mmoja, dawati moja wanabanana wanne. Mmoja wao, mjukuu wa bibi yule, alikuwa na mtindio wa ubongo, na aliyekaa ubavuni pake ni binti yangu.

Nilisimama wa pili. Nikasema mtoto yule nampenda (uongo, hata kumsalimia sikuwahi), lakini penseli haishiki, udenda unamtoka, anawarudisha nyuma wenzake. Wampeleke kwenye shule zao. Nikapigiwa makofi. Mwalimu mkuu akatukumbusha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kwamba mtoto kama huyu ana haki ya kusoma shule ya kawaida. Baba mmoja akauliza kama hiyo sheria imekuja na mwalimu wa pili. Swali lile hadi leo naona lilikuwa la haki.

Bibi hakubishana na mtu. Alitoa daftari kwenye rambo, akaniletea pale pale niliposimama.

"Tazama, mwanangu. Yeye anataja, mwenzake anaandika."

Hesabu za kujumlisha. 4 + 3, vema. 6 + 2, vema. 5 + 4, kosa. 7 + 2, kosa. Jibu lilikuwa tisa, ila limegeuzwa likawa kama herufi P. Mwandiko ule naujua. Nilikuwa nikiugombeza nyumbani wiki nzima.

Kwanza nilipandwa na hasira: kumbe mwanangu wamemfanya karani! Kisha nikahesabu makosa ya ukurasa ule. Manne. Yote tisa.

Nikamrudishia bibi daftari kwa mikono miwili, nikakaa. Waliokuwa wakinishangilia wakabaki wananitazama, wakingoja niendelee. Mvua ndiyo iliyovunja kikao.

Usiku nilimkalisha binti yangu mkekani, kibatari katikati yetu.

"Andika tisa."

Akaandika, tumbo kulia.

"Futa. Tena."

"Mama, mbona unanigombeza?"

"Unamkosesha mwenzako maksi."