Saa za Daktari na Ahadi za Wanasiasa

Mkataba wa mwaka 2004 uliwaruhusu madaktari wa familia nchini Uingereza kujiondoa katika jukumu la kuwahudumia wagonjwa usiku na mwishoni mwa wiki, na wengi wao walijiondoa. Tangu hapo wanasiasa hawajaacha kuahidi kuzirudisha saa hizo. Gordon Brown, akiwa waziri mkuu, alizishinikiza kliniki zichelewe kufunga. David Cameron, waziri mkuu aliyemfuata, mwaka 2013 alitenga pauni milioni 50 za kujaribu huduma ya kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku zote 7 za wiki, na mwaka uliofuata akaahidi kwamba kufikia 2020 kila mgonjwa angeipata.

Naona kinachofanya ahadi hii ipendwe ni kwamba saa haihitaji kusomeshwa. Daktari wa familia hupitia takriban miaka 10 ya chuo na mafunzo kabla ya kujitegemea, na mwanasiasa gani atasubiri muda huo wote ndipo apigiwe makofi? Mwaka 2015 serikali iliahidi pia kuongeza madaktari 5,000 kufikia 2020. Mwaka huo ulifika, madaktari hao hawakufika. Bila wao, daktari anayepangiwa Jumamosi ni yuleyule aliyetarajiwa Jumanne, na kwa kuwa naye ni binadamu anayehitaji kupumzika, Jumanne hiyo hatakuwapo.

Mgonjwa wa kawaida, kwa kadiri ninavyoona, kero yake kubwa iko kwenye simu ya saa 2 asubuhi: laini inafunguliwa, sauti iliyorekodiwa inamwambia ni wa 20 na kitu kwenye foleni, na zamu yake inapowadia nafasi za siku hiyo zimekwisha. Kliniki hiyo hata ikiwa wazi mpaka usiku wa manane, jibu atakalopewa ni lilelile.

Majaribio ya Cameron yenyewe yalidokeza hivyo, kwani katika maeneo kadhaa nafasi za Jumapili zilikosa watu. Utaratibu ulioanza Oktoba 2022 ni wa kiasi zaidi: vikundi vya kliniki jirani hugawana zamu za hadi saa 2 usiku siku za kazi, na za Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, ingawa mgonjwa anaweza kuelekezwa kliniki nyingine au kuonwa na muuguzi. Jumapili haimo katika sharti hilo, na sijamsikia mgonjwa aliyeililia.